Siku Mzee Alipolalia Mayai

Mume wangu alitumwa mnadani kununua plau, akarudi na sanduku lenye miguu minne.

Lilikuwa sanduku la mbao, limepakwa vanishi, lina kidirisha cha kioo mbele na taa ya mafuta ubavuni. Alikuwa amelifunga kwa kamba ya katani juu ya mkokoteni wa jirani, na njia nzima alikuwa amelishikilia kwa mkono kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Baba yake, ambaye sote tulimwita Mzee, alikuwa amesimama langoni akingoja plau. Alilizunguka lile sanduku mara mbili.

"Hii inalima namna gani?" aliuliza.

"Hailimi, Mzee. Inaangua vifaranga. Unaweka mayai, unawasha taa, baada ya siku ishirini na moja yanapasuka."

Mzee aligeuka akaenda kuangalia ng'ombe. Yeye akikasirika hakusema neno, alienda kwa ng'ombe.

Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, wakati walowezi walikuwa wakiuza na kuondoka, shamba baada ya shamba, kuanzia viungani mwa Eldoret hadi Moiben na kuendelea. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na mnada mahali fulani: matandiko ya farasi, mapipa, vitanda vya chuma, vitu ambavyo hatukujua kazi yake. Mzee alikuwa ametoka magharibi akiwa kijana kuja kutafuta kazi, akakamua ng'ombe wa mzungu katika shamba moja kwa zaidi ya miaka ishirini. Sasa yeye na wenzake walikuwa wamenunua hisa katika kampuni ya kununua mashamba, na shamba lilelile alilokamulia likagawanywa, naye akapata kipande. Kwenye kipande hicho ndipo palipokuwa na ile stoo ya maziwa ya mzungu, nyumba ya mawe yenye kuta nene na chumba kimoja kisicho na dirisha hata moja. Tuliishi humo. Chumba cha giza, kilichokuwa cha kuhifadhia krimu, tukakifanya ghala.

Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka huo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimesoma hadi kidato cha pili. Mume wangu alikuwa karani katika ghala la mahindi mjini. Aliondoka Jumatatu alfajiri kwa baiskeli na kurudi Ijumaa jioni. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watu watatu tu: Mzee, mama mkwe wangu, na mimi. Na kwa desturi yetu, mke wa mwana na baba mkwe wana mipaka. Hawapeani mikono, hawakai karibu, na wakiwa na jambo la kuambiana, linapitia kwa mama. Mzee angeweza kuketi hatua tatu kutoka kwangu na kusema, "Mwambie huyu msichana chai imepoa," na Mama angenigeukia na kuniambia, "Chai imepoa," kana kwamba mimi nilikuwa ng'ambo ya mto.

Mama alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono ya haraka. Alijua kuku kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa amechinjiwa na kunyonyoa kuku wasiohesabika, angeweza kukata firigisi kwa kugusa tu, akamenya ile ngozi ya njano ndani yake bila kuichana, akaiweka kwenye sahani ya Mzee mahali pake. Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuonja kuku, wala yai. Alipokuwa msichana, wanawake walikatazwa kuvila, na ingawa sasa hakuna aliyekataza, hakuwa na hamu ya kuanza.

"Hii sanduku yako haina damu," aliniambia siku ya kwanza. "Kitu bila damu haiwezi kuzaa."

Nikaona ni lazima nimwonyeshe. Mume wangu aliporudi Ijumaa iliyofuata alikuja na mayai arobaini kutoka duka la Msomali mmoja mjini, makubwa, meupe, safi kama yameoshwa kwa sabuni. Nikayapanga ndani. Nikaweka sufuria ndogo ya maji ili hewa isikauke. Ndani ya sanduku kulikuwa na kipimajoto, na mwenye mashine wa zamani alikuwa amekitia alama nyekundu mahali zebaki inapotakiwa kusimama. Nikachora alama ya msalaba upande mmoja wa kila yai kwa penseli, na kila asubuhi, mchana na jioni nikayageuza.

"Kwa nini unayageuza?" Mama aliuliza.

"Yakikaa upande mmoja, kifaranga kitashikamana na ganda."

Alifikiri kidogo. "Ni kweli kuku pia hugeuza. Kwa mdomo. Nilidhani anatafuta baridi kidogo."

Siku ishirini na moja zikapita. Ishirini na mbili. Ishirini na nne. Nikavunja yai moja nyuma ya nyumba, na harufu yake ikanifuata hadi jikoni. La pili vilevile. Yote arobaini. Mama hakusema, "Nilikuambia." Alileta jembe tu, akanisaidia kuchimba shimo.

Mume wangu alienda kwa yule mwenye duka kulalamika. Yule Msomali alimsikiliza hadi mwisho, kisha akacheka akashika kaunta.

"Ndugu yangu," alisema, "mimi nauza mayai ya kula. Hao kuku wako ndani ya nyumba ya waya, hawajawahi kuona jogoo. Kama ulitaka ya kuzaa ungeniambia."

Niliona aibu hadi masikioni. Nilikuwa nimesoma sura nzima ya uzazi katika kitabu cha sayansi, nikachora na mchoro, lakini haikunijia akilini kumuuliza mtu kama kuku wake wana mume. Nilimweleza Mama jikoni: kwamba mwili wa kuku hutengeneza yai hata bila jogoo. Kiini kinakomaa, kinadondoka kwenye mrija mrefu, kinavikwa ute, kinavikwa utando, mwishoni kinavikwa ganda, na yai linatoka. Jogoo awe yupo au hayupo, kazi hiyo inaendelea.

Mama aliacha kukoroga ugali. "Ati hata bila jogoo?"

"Ndiyo, Mama."

"Na miaka hii yote anajivuna hapo juu ya ua, anatupigia kelele, kumbe mwanamke anafanya kazi peke yake?" Alicheka hadi mwiko ukamwanguka. "Ngoja nimwambie Mzee."

"Lakini bila jogoo yai ni chakula tu, Mama. Halina mtoto."

"Hiyo sehemu sitamwambia."

Nadhani kicheko hicho ndicho kilichomgeuza. Tangu siku hiyo alianza kukusanya mayai ya kuku wake mwenyewe, madogo, ya rangi ya chai ya maziwa, akayaweka ndani ya kibuyu chenye majani makavu bila kuniambia ya nini. Yalipofika arobaini akanikabidhi.

"Haya yana baba," alisema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Siku ya tano nilichukua kopo la kakao, nikalitoboa tundu dogo chini, nikaingiza tochi ndani. Tuliingia na Mama katika kile chumba cha giza, tukafunga mlango, ingawa nje kulikuwa mchana wa jua kali. Nikaweka yai juu ya tundu.

Mara ya kwanza, kwa yale mayai ya dukani, nilikuwa nimefanya hivyohivyo na kuona njano tupu, nikadhani ndivyo inavyokuwa. Safari hii ndani ya yai kulikuwa na kitu kama buibui mwekundu, miguu yake myembamba imetandaa kila upande. Katikati palikuwa na nukta. Ile nukta ilikuwa inaruka.

Mama aliinama hadi pumzi yake ikagusa mkono wangu.

"Kuna kitu kinacheza," alisema.

"Ni moyo, Mama."

"Moyo? Huyu hata hana kichwa, moyo anautoa wapi?"

"Kichwa kipo, ila ni kidogo sana. Moyo ndio unaoanza kazi mapema. Hiyo miguu ya buibui ni mishipa ya damu. Inaenda kwenye kiini kuchukua chakula, na inaenda karibu na ganda kuchukua hewa. Ganda lina vitundu vidogo, hewa inapita. Bila damu ya kubeba, hakuna kitakachojengwa."

"Kama wakati wa kujenga skuli," alisema polepole. "Lazima barabara ya lori itangulie, ndio mawe yafike."

Katika miaka yangu ya shule hakuna aliyewahi kunieleza mzunguko wa damu vizuri hivyo.

Alitoka mbio kumwita Mzee. Mzee hangeweza kuingia katika chumba cha giza nami nikiwa ndani, kwa hiyo nilitoka nikasimama mbali, karibu na tangi la maji, huku Mama akimshikia tochi. Nilimwona akitoka. Alikuwa ameweka kiganja cha mkono wake wa kulia juu ya kifua chake mwenyewe, chini ya koti. Akaenda kwa ng'ombe. Lakini jioni kabla jua halijazama alirudi, akaniomba kupitia kwa Mama nisogee, na akaingia tena.

Baada ya hapo ikawa desturi. Kila siku baada ya kukamua aliingia kuangalia yai moja au mawili, na akitoka alikuwa na swali.

"Muulize huyu msichana, moyo unapata wapi amri ya kuanza?"

Mama akanigeukia. "Moyo unapata wapi amri ya kuanza?"

"Mwambie Mzee kitabu changu kiliishia kidato cha pili."

Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko, si kwa sababu yangu, nadhani, bali kwa sababu ya kitabu.

Yale mayai yasiyoonyesha kitu tuliyatoa, tukabaki na thelathini na moja. Tulifika wiki ya pili. Ilikuwa Julai, na mtu asiyejua Julai ya huku afikirie baridi inayopenya hadi ndani ya meno, na mvua isiyoulizia kama una nguo kavu. Jumamosi moja asubuhi nilienda kugeuza mayai kabla ya chai, na nikasikia harufu ya mafuta ya taa kabla sijafungua mlango. Tangi la taa lilikuwa limeachia kwenye kiungo chake. Sakafu ilikuwa imelowa. Taa ilikuwa imezimika, na zebaki ya kipimajoto ilikuwa imeshuka chini kabisa ya alama nyekundu.

Mume wangu, kwa bahati, alikuwa nyumbani. Alifungua lile tangi, akalifunga kwa gunia, akalitia kwenye kapu la baiskeli.

"Kuna fundi wa mabati karibu na stesheni, anachomelea," alisema. "Nikipata njia nzuri, mchana nitakuwa nimerudi."

Tulimtazama akipotea kwenye mvua, matope yakimrukia mgongoni. Mama alikuwa na kuku wawili waliokuwa wakilalia, lakini wote wawili walikuwa na mayai yao wenyewe na hawakutaka wageni. Mmoja alimdonoa Mama kidole hadi kikatoa damu. Tukasimama mbele ya sanduku. Nilihisi machozi yakinijia.

"Kuku ana joto," Mama alisema akinyonya kidole chake. "Na mimi nina joto."

Nilimtazama. Nikachukua kile kipimajoto kutoka ndani ya sanduku, nikakifuta, nikakitia kwapani, nikakibana. Tulingoja. Nilipokitoa, zebaki ilikuwa imepanda hadi chini kidogo tu ya alama nyekundu, pengo la unene wa uzi. Nikamtia Mama kwapani. Mahali palepale. Yeye mnene, mimi mwembamba. Yeye na umri wake, mimi na wangu. Sote wawili mahali palepale.

"Basi," alisema Mama.

Alijifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kifuani, akatengeneza mfuko mbele ya tumbo, juu ya ngozi. Nikampangia mayai kumi na mawili moja moja. Yeye akanipangia mimi kumi. Yalikuwa baridi, nikaruka. Tukavaa sweta na mablanketi juu. Yakabaki tisa kwenye sanduku, na hapakuwa na nafasi tena kwetu sisi wawili.

Tulitazamana.

"Nitamwuliza," alisema Mama, na akatembea kwa hatua ndogondogo, mikono chini ya tumbo, kama mwanamke wa miezi tisa.

Sikusikia walichozungumza. Nilipoingia sebuleni kwa uangalifu wangu mwenyewe, Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na makaa, amevaa lile koti lake zito la jeshi alilonunua mnadani, na Mama alikuwa amemaliza kufunga vifungo. Uso wa Mzee ulikuwa wa mtu anayepigwa picha.

"Mwambie huyu msichana," alisema bila kusogeza mabega, "mayai yake ni baridi kama vyura."

Tukakaa hivyo, watatu, tukizunguka moto lakini si karibu sana, mvua ikipiga mabati. Mama alitoa hadithi ya kuku aliyekuwa nao alipoolewa. Mzee alisinzia, akashtuka, akajishika tumbo, akatulia. Nadhani saa mbili zilipita hivyo. Ndipo tukasikia gari.

Lilikuwa Landirova ya kampuni ya mashamba. Mwenyekiti wa kampuni alikuwa mtu mkubwa, mwenye suti na buti za mpira, na alikuwa na karani wake mwenye faili chini ya koti la mvua. Kwetu, mgeni wa namna hiyo akifika, mwenye nyumba hutoka nje kumpokea, hata mvua ikinyesha. Mzee hakutoka. Mwenyekiti aliinamisha kichwa mlangoni, akaingia, akanyoosha mkono. Mzee alimpa ncha za vidole, mkono wenyewe ukiwa umebana ubavuni.

"Mzee, tumefika," alisema Mwenyekiti.

"Nimewaona. Karibuni mkae."

"Hakuna wakati ya kukaa. Wapimaji wamekwama huko chini. Mawe ya mpaka hayaonekani, na wewe ndiwe pekee unajua mtaro wa zamani wa mzungu ulipita wapi. Twende, utatuonyesha, tutakurudisha."

"Leo siwezi kusimama."

Mwenyekiti alikunja uso. Watu wengi wakati huo walikuwa wakigombana na kampuni juu ya mipaka, na nadhani alifikiri Mzee ameanza ugomvi wake. "Unaumwa?"

"Siumwi."

"Tumekukosea?"

"Hapana."

"Sasa ni nini, Mzee? Watu wako kwa mvua!"

Mzee alimtazama Mama. Mama alitazama paa. Kisha Mzee alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi mbele ya hakimu:

"Nimelalia mayai."

Karani ndiye aliyeanza. Alijaribu kukigeuza kicheko kikawa kikohozi, kikakataa. Mzee, kwa taratibu, alifungua vifungo viwili vya koti, akaonyesha. Mayai tisa yalikuwa yamelala katika kitambaa juu ya tumbo lake. Karani akatoka nje kabisa, tukamsikia akicheka kwenye mvua.

Lakini Mwenyekiti hakucheka. Alichuchumaa, buti zake zikalia, akatazama kwa karibu.

"Yana joto ya kutosha?" aliuliza.

Mzee aligeuza kichwa. Hakumtazama Mama. Alinitazama mimi moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nilipoingia katika nyumba ile.

"Mwanangu," alisema, "mweleze."

Sikujua niangalie wapi. Nikaangalia makaa. Nilieleza nilichojua: kwamba chakula tunachokula hakipotei, kinaungua ndani yetu polepole bila miali, katika kila kipande cha mwili, na ndiyo maana tunahitaji hewa, kama makaa yanavyohitaji hewa. Kwamba damu inachukua joto lile na kulisambaza, kutoka ndani kwenda hadi vidoleni. Kwamba tukisikia baridi misuli inatetemeka ili kuongeza moto, na tukisikia joto jasho linatoka kuupunguza, na hivyo mwili unabaki palepale, mvua au jua, tajiri au maskini.

"Kwa hiyo mimi na huyu Mzee," Mwenyekiti alisema, "joto yetu ni moja?"

"Ni moja. Tofauti yake ni ndogo sana."

"Na moto uko wapi hasa? Tumboni?"

"Kila mahali. Kwenye misuli, kwenye ini. Hata kwenye kidole."

Alikitazama kidole chake. Kisha akavuta kigoda akaketi. Mama, ambaye hakuwa mtu wa kuacha nafasi ipite, alimwambia kwamba kama atakunywa chai itabidi ainuke kuipika, na akiinuka itabidi mtu amshikie mayai manne. Mwenyekiti wa kampuni ya mashamba akafungua shati.

Mambo ya mpaka yaliisha palepale. Mzee alimwelekeza karani, ambaye alikuwa amerudi akifuta macho, akamchorea kwa fimbo juu ya majivu yaliyotandazwa: hapa tangi la kuogeshea ng'ombe, hapa mti wa mkaratusi uliopigwa radi, hatua sitini kuelekea machweo, chimbeni, mtaona mawe ya mtaro. Karani alikwenda na Landirova, akarudi baada ya saa moja na matope hadi magotini. Mawe yalikuwepo. Mwenyekiti wakati wote huo alikuwa amekaa, mkono mmoja juu ya tumbo, akinywa chai kwa mkono mwingine na kuuliza mbona ng'ombe ana matumbo manne naye ana moja.

Mume wangu alifika alasiri, amelowa kama samaki, tangi limechomelewa na chupa mbili za mafuta zimening'inia kwenye usukani. Alisukuma mlango na kukuta mke wake, mama yake, baba yake na mkubwa wa kampuni wameketi wima kama watu wa kanisani, kila mmoja ameshikilia tumbo.

"Kuna nini?" aliuliza kwa woga.

"Washa taa," tulisema sote pamoja.

Miaka baadaye, afisa mmoja wa mifugo aliniambia kwamba mayai ya umri ule yangevumilia baridi kwa saa kadhaa, na kwamba blanketi moja juu ya sanduku lingetosha. Huenda ni kweli. Sikumwambia Mzee.

Siku ya ishirini, nikiwa sijafungua sanduku, nilisikia sauti. Nikamwita Mama. Aliweka sikio kwenye mbao.

"Wanaongea," alinong'ona. "Bado wako ndani na wanaongea!"

Nilimweleza kwamba kwenye upande mpana wa yai kuna chumba kidogo cha hewa, na kifaranga kikiwa tayari hutoboa utando, kinaingiza mdomo humo na kuvuta pumzi yake ya kwanza. Mapafu yanaanza kazi. Ndipo kinapata nguvu ya kupasua ganda. Kesho yake zilianza kutokea nyufa. Mama alitaka kusaidia. Vidole vyake vilikuwa vinawasha. Nilimzuia. Nilisema bado kuna damu kwenye mishipa iliyoshikana na ganda, ukibandua mapema kifaranga kitatokwa damu. Kinangoja damu yote irudi mwilini, na kile kiini kilichobaki kiingie tumboni kupitia kitovu, kiwe chakula cha siku mbili za kwanza.

"Kumbe wana kitovu," alisema, akakunja mikono yake kifuani na kungoja kama mkunga.

Walitoka mmoja mmoja, wamelowa, wabaya kuliko kitu chochote, kisha wakakauka wakawa kama pamba. Ishirini na sita. Wa ishirini na saba alitoboa tundu akaishia hapo. Tulingoja mchana kutwa. Nilisema tumwache. Mama safari hii hakunisikiliza. Alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akalainisha ule utando uliokauka ukamfunga kifaranga shingoni, akaangalia kwenye mwanga kama kuna mshipa mwekundu, hakuna, akamenya kidogo, akapumzika, akamenya tena, kwa vidole vilevile vilivyojua kumenya firigisi. Kifaranga kikatoka, kikalala ubavu, kikapumua.

"Kitabu chako hakikuandika hii," alisema.

Ilikuwa kweli. Niliiandika mimi, jioni hiyo, pembezoni mwa daftari langu.

Mayai manne hayakubahatika kuanguliwa. Tulifungua moja. Kifaranga kilikuwa kimekamilika: kucha, macho yaliyofumbwa, manyoya. Mama alikipasua kwa kisu kidogo ili tuone, na kila kitu kilikuwa mahali pake: moyo mdogo kama punje ya mtama, ini, firigisi ambayo haikuwahi kusaga kitu. Alikitazama kwa muda.

"Hakuna kilichokosekana," alisema. "Ni pumzi tu." Akakifunga kwenye jani la mgomba, akakizika mwenyewe karibu na ua.

Tuliwaweka wale ishirini na saba ndani ya boksi karibu na makaa, sebuleni, kwa sababu kwingine kote kulikuwa baridi. Wiki ya kwanza haikupita kabla hawajajifunza kuruka nje. Walizunguka nyumba nzima, wakalia, wakachafua, na Mama alitishia kwamba angewatupa wote nje. Mzee alilalamika kuliko wote. Jioni moja nilimkuta kwenye kiti chake, vifaranga sita wamelala juu ya buti zake na mmoja amepanda hadi gotini.

"Mwanangu," aliniita, "njoo uwatoe hawa, nataka kwenda kukamua."

Nikapiga hatua kuelekea kwake.

"Wee," alisema, akainua mkono, "ngoja kidogo. Wamelala."

Ng'ombe walichelewa kukamuliwa siku hiyo, na walimpigia kelele sana.